Uliniombea au Ulinisema?

Atupele, mwanangu,

Umekwenda kwa bibi yako kumuaga, na nyumba imebaki na mimi na sanduku lako. Limefungwa kamba tangu jana. Leo nimelifungua mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kuona kama sweta imo. Mara ya pili sikuwa natafuta kitu. Nilikunja tena nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa vizuri, nikaketi, nikasimama, nikaenda mlangoni kutazama mvua juu ya viazi, nikarudi. Mwisho nimechana kurasa katika daftari la shule na kuanza kuandika, maana kila kitu kingine nilichoshika leo nimekiangusha.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala blanketi, wala tikiti ya basi. Hayo baba yako amekwisha kukuambia, na mengine amekuambia mara tatu. Nataka kukuandikia juu ya jambo la jana.

Jana baada ya ibada mwinjilisti aliwaita mbele watoto mnaokwenda shule ya kati, akataka kila mmoja aombe kwa kinywa chake. Mlikuwa wanne, wavulana wawili, Lugano na wewe. Wavulana waliomba kama watu wanaovuka mto wa baridi, mbio mbio hadi ng'ambo. Lugano aliomba kwa sauti ndogo hata Amina yake hatukuisikia. Kisha ukaja wewe. Uliomba vizuri. Nilikuwa benchi la tatu, nikaisikia sauti yako imenyooka, kila neno mahali pake, na moyo wangu ukavimba. Nakuandikia hili kwanza kwa sababu ni aibu yangu. Nilikuwa bado najivuna uliposema, "Na umkumbuke mwenzangu Lugano, Bwana, umponye lile jambo la kitandani, wenzake wasije wakamcheka huko bwenini."

Watoto wa nyuma walicheka papo hapo. Mtu mzima mmoja naye alicheka, na ninamjua. Lugano alitoka kwa mlango wa pembeni akakimbia kwenye mvua miguu mitupu, kwa sababu viatu vyake vipya vilikuwa vinambana na alikuwa amevivua chini ya benchi. Nilivichukua mimi. Viko hapa, kando ya sanduku lako.

Tulipofika nyumbani nilikuuliza, "Atu, siri ya mwenzio unaitoa mbele ya watu?"

Ukanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nimeomba tu, mama."

"Hiyo ni kuomba?"

"Nimeomba tu," ukasema. "Kama wewe unavyoomba."

Sikukupiga. Nilikuambia neno moja la Kihehe ambalo maana yake huijui, lakini sauti yake uliijua, ukalia hadi ukalala. Na asubuhi hii jirani amerudi kutoka kisimani na habari. Lugano amesema haendi Iringa. Amevua sweta ya shule, ameirudisha kwa mama yake, amesema atalima pareto. Unajua maana yake. Katika mlima huu wote wasichana waliochaguliwa ni ninyi wawili. Basi linaondoka kesho asubuhi, na nafasi yake ikipotea hakuna atakayemwekea hadi mwakani.

Tangu hapo situlii. Ningeweza kukulaumu na ningekuwa na haki, lakini ulisema kweli. Hukuzaliwa na maombi ya namna ile. Uliyasikia hapa, mezani petu. Ni mimi ninayesema kabla ya kula, "Bwana, umfundishe Atupele kuacha uvivu wa kuosha vyombo." Ni mimi niliyesema, "Bwana, umkumbushe baba wa nyumba hii kwamba jua huchwa," na baba yako akajibu, "Amina. Mimi nimesikia, na Bwana pia amesikia, tule." Mlicheka ninyi wawili. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimemwogopa baba yako, nikamtuma Mungu akamgombeze.

Kuna jambo la zamani zaidi. Ulikuwa na miaka saba, na nilihakikisha hulisikii.

Wakati ule mimi na mama yake Lugano tulikuwa kama mtu na dada yake. Mimi ni mgeni hapa Mbeya. Nilikuja kuolewa nikitoka Kalenga kwa Wahehe, na Kinyakyusa changu kilikuwa kinawachekesha hata watoto. Yeye alinichukua jinsi nilivyo. Tulichimba viazi pamoja, shamba lake leo, langu kesho. Wengine wote waliniita Mwalimu, yeye aliniita Mama Atu. Alikuwa na Lugano, na baada ya Lugano akapata mtoto wa kiume, Gwakisa, jina ambalo kwa lugha yao lina rehema ndani yake. Gwakisa alikuwa na kichwa kikubwa na kicheko cha mzee. Alipofikia umri wa kutembea alianza kukohoa, na kikohozi hakikuondoka.

Siku moja tukiwa shambani, Mama Lugano aliacha jembe akaniambia jambo alilolifanya kwa ajili ya mtoto yule, jambo ambalo kanisa letu linalikataza. Sitaliandika ni jambo gani. Mlima mzima unalijua, lakini safari hii halitatoka kwenye kalamu yangu. Aliniambia, "Nakwambia wewe peke yako, Mama Atu. Roho inaniuma, na kwa mwingine siwezi." Nilimshika mkono wenye udongo. Nilimwambia, "Limefika kwangu, limekwisha." Nilimaanisha.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi tulikuwa na maombi ya akina mama. Zamu yangu ilipofika nilifumba macho na maneno yakaanza kutoka kama yanavyotoka siku zote, mazuri, yamepangwa. Nikamwombea dada yetu mmoja mwenye mtoto mgonjwa, Bwana amsamehe, kwa udhaifu ametafuta msaada mahali pasipofaa. Sikutaja jina. Nilikuwa hodari wa kutotaja majina. Lakini mtoto mgonjwa wa siku nyingi alikuwa mmoja tu, na nilipofumbua macho niliona wanawake wote wanatazama upande mmoja.

Unajua desturi yetu. Wiki moja kabla ya Chakula cha Bwana wazee wa kanisa hupita nyumba kwa nyumba kuuliza kama mtu ana neno na mwenzake, na asiye na neno huandikwa jina. Safari ile kwa Mama Lugano walikaa muda mrefu, na jina lake hawakuliandika. Jumapili aliketi benchi la mwisho, wanapoketi waliotengwa. Mimi nilikwenda mbele, nikala, nikanywa.

Nimejiuliza miaka minne kwa nini nilifanya vile. Mwanzoni nilijibu kwamba nilimhurumia. Kisha nilijibu kwamba ulimi uliteleza. Lakini ulimi hauna mahali pake pa kutoa maneno, Atu. Unachota palipo na kitu. Na hiki ndicho kilichokuwapo. Baada yako sikuzaa tena. Ulikuwa umefika mwaka wa saba, na kila mwezi nilikuwa nangoja na kila mwezi nilikuwa nakosa. Nilipomtazama Mama Lugano akimfunga Gwakisa mgongoni, akikivuta kitambaa kwa nguvu na kukifunga fundo kifuani, niligeuza uso nikaendelea kuchimba. Nilimpenda, na nilimwonea wivu, na nilikuwa sijui kwamba vitu hivyo viwili hukaa chumba kimoja. Siku niliyopata jambo baya la kusema juu yake, wivu ulijivika huruma ukatoka mbele za watu umefumba macho.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Kabla ya siku ile ya maombi, mtoto akizidiwa Mama Lugano alikuwa anakuja kwangu, tunakwenda naye dispensari ng'ambo ya bonde, kwa kuwa mimi nilimjua dresa anayetibu pale na nilijua kusoma karatasi zake. Sasa alizidiwa, na hakuja. Njia ya dispensari inapita mlangoni kwetu. Yeye alizunguka nyuma ya kilima, njia ndefu ya matope, asipite mlangoni kwangu. Baba yako ndiye aliyemkuta akirudi. Alikuwa bado amemfunga mgongoni.

Sisemi kwamba angepona. Dresa alisema kifua kilikuwa kimeharibika siku nyingi. Lakini ile njia ndefu naijua. Nimeitembea peke yangu mara nyingi kuliko mtu yeyote anavyojua, nikihesabu hatua ambazo mlango wangu ulimwongezea.

Msibani nilikwenda. Nilichuchumaa mbele yake nikamshika mikono, nikasema kwa sauti yangu ya kanisani, "Mungu ana makusudi yake, dada." Alinyanyua uso. Hakuwa na hasira, ndiyo maana siwezi kuusahau uso ule. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kitu. "Mwalimu, uliniombea au ulinisema?"

Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Tuombe."

Na watu wakainamisha vichwa.

Baada ya mwaka alisimama mbele ya kanisa, akatubu, akarudishwa mezani. Hakunikimbia tena wala hakunisogelea. Tukikutana njiani anasema, "Ugonile, Mwalimu," nami najibu, "Ndaga," basi. Mama Atu haniiti tena. Na kila wazee wanapokuja na daftari lao, na kuniuliza, "Mwalimu, una neno na mtu?" mimi najibu, "Sina neno na mtu." Nimesema hivyo miaka minne. Huenda huo ndio uongo niliousema kwa Kiswahili kizuri kuliko wote.

Sijui niliyapata wapi haya, au labda najua. Babu yako wa Kalenga, baba yangu, alikuwa mwinjilisti. Watu walitoka mbali kumsikia akiomba. Alikuwa na Kiswahili cha kanisani, laini, na Kihehe cha nyumbani. Alikuwa anaweza kumaliza ombi refu la jioni, sote tumepiga magoti hadi miguu imekufa, akasema Amina, kisha papo hapo akageuka na kumwambia mama yangu neno moja juu ya ugali, neno ambalo lilimfanya mama atoke nje. Mimi mtoto nilidhani kuna watu wawili ndani ya baba, yule wa Kiswahili na yule wa Kihehe, na yule wa Kiswahili ndiye wa kweli kwa kuwa ndiye Mungu aliyemsikia. Nikaenda shule ya wasichana, mwalimu wetu Mzungu akatufundisha kuomba kwa zamu, na ikaonekana nina kipawa. Nilijifunza kuomba kama wengine wanavyojifunza insha. Hakuna aliyeniuliza nasemaje nikiwa jikoni.

Baada ya Gwakisa nilifanya kosa la pili, na hili nalo lijue, kwa sababu wewe unafanana nami na utajaribiwa nalo. Niliamua kunyamaza. Kwenye maombi ya Alhamisi nikawa nasema mistari miwili naketi. Kisimani nikawa nachota maji naondoka. Watu walianza kunisifu, "Mwalimu amekuwa mtu wa kiasi." Nami niliamini, hata siku ile bibi yako alipokuwa ameketi kwenye kigoda akinitazama nikifukuza kuku wake kwenye mahindi yaliyoanikwa.

"We mkwe," akasema, "njoo hapa."

"Naam, mama."

"Kanisani wanasema umekuwa mpole."

"Ni neema ya Mungu, mama."

"Eee. Sasa hiyo neema kuku wangu hawajaipata? Umewaambia maneno ambayo mimi na uzee wangu huu sijawahi kumwambia mchawi." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema bila kucheka, "Mtu ukitaka kumjua, usimsikilize akiongea na mchungaji. Msikilize akiongea na kuku."

Nilikasirika siku nzima. Lakini nilianza kujisikiliza. Nilisikia ninavyosema na kuku, na kuni zinazogoma kuwaka, na baba yako akichelewa, na wewe ukimwaga maji. Yote niliyokuwa nimeyafungia kisimani yalikuwa yanatokea jikoni. Nilikuwa nimefunga dirisha nikadhani nimefagia nyumba.

Namna ya kuifagia sijaijua vizuri, na nisingependa ufike Iringa ukidhani mama yako anaijua. Ninachojua ni kidogo. Najua maneno yangu mabaya kuliko yote hayakuwa matusi. Yalikuwa "mimi sina neno naye, lakini…" Yalikuwa "nasema kwa upendo." Yalikuwa "nitakuombea," nikimwambia mtu niliyetaka ajue kwamba nimemwona akianguka. Tusi mtu hulijua kuwa ni tusi na hulijutia. Hayo mengine niliyasema miaka mingi nikalala usingizi mzuri.

Na jana, Atu, ulipoomba, sidhani ulikuwa na wivu kama wangu. Huenda ulimhurumia kweli. Huenda pia, kidogo tu, ulipenda kuwa wewe ndiye unayejua siri, na wewe ndiye usiye na jambo la kitandani. Mimi siwezi kuliona hilo. Wewe ndiye unayeweza kwenda kuangalia.

Nimetazama tena viatu vya Lugano. Ngozi imeanza kukakamaa. Nimevitazama nikasema nitampa mtu avipeleke, kisha nikajisikia nikisema hivyo. Naiacha kalamu hapa. Nakwenda.

*

Nimerudi. Mvua imepungua. Nitakuandikia kama ilivyokuwa, bila kupanga.

Nilimkuta Mama Lugano barazani na ungo wa maharage. Lugano sikumwona, lakini mlango wa ndani ulikuwa wazi kidogo na nilijua yuko nyuma yake.

"Hodi."

"Karibu, Mwalimu."

"Nimeleta viatu vya Lugano."

"Ahsante."

"Nilivikausha kando ya moto. Si karibu sana. Ngozi mpya ukiiweka karibu na moto hupasuka."

"Naona."

"Inafaa kuvipaka mafuta kidogo kabla…"

"Mwalimu," akasema, "umetembea kwenye tope hili lote kuja kunifundisha viatu?"

Nilijinyoosha, nikaanza. Nilisikia sauti yangu ikipanda, ile ya benchi la mbele. "Dada, katika safari yetu ya Kikristo kuna wakati…"

Aliweka ungo chini. "Hilo la kanisani liache kanisani. Kaa. Chambua maharage."

Nikakaa. Tukachambua, yeye upande wake, mimi upande wangu, mabovu tukiyatupa kwenye kibuyu kilichokatwa. Ilikuwa mara ya kwanza leo mikono yangu kushika kitu bila kukiangusha. Nikatafuta maneno mazuri nikayakosa, na nilipokwisha kuyakosa yote nikasema, "Siku ile ya msiba uliniuliza neno."

Mikono yake ikasimama. "Nilikuuliza."

"Sikukuombea. Nilikusema."

Alinitazama usoni.

"Nilikuonea wivu. Kwa ajili ya Gwakisa."

Nilikuwa sijalitaja jina lile nyumbani kwake tangu tulipomzika. Aligeuza uso akatazama maji yanavyodondoka kutoka kwenye nyasi za paa. Kisha akasema, "Kwamba ulinisema, nilijua. Hilo la wivu sikulijua." Akachukua tena maharage. "Alikuwa anakupenda, unajua? Akisikia sauti yako njiani anaanza kurusha miguu mgongoni kwangu."

Nililia. Hakunibembeleza, na sikustahili. Alivuta ungo upande wake akasema, "Usinililie kwenye maharage, yataota." Nikacheka na machozi yangu, na yeye akacheka kidogo, kisha tukaacha kucheka.

Nikamwuliza habari za Lugano. Aliteremsha sauti. Akasema lile jambo la kitandani Lugano alikuwa ameliacha tangu mdogo kabisa. Lilirudi mwaka ule, wiki alipokufa mdogo wake. Sijui ninaandikaje hili. Neno nililolisema Alhamisi moja nimefumba macho lilikuwa bado linatembea, lilikuwa limeingia hadi kwenye mkeka wa mtoto, na jana limerudi kanisani kwa kinywa chako.

"Nimlete Atupele?" nikamwuliza.

"Usimlete. Mtoto anayeletwa husema aliyofundishwa. Mimi nimesikia ya kwangu. Ya Lugano ni ya Lugano, na aliyemsema si wewe."

"Basi huyo wa kwako ataondoka kesho?"

"Sijui. Nimemwambia aende. Amesema afadhali achekwe karibu na nyumbani kuliko mbali." Akanisindikiza hadi kwenye migomba. Pale akasema, "Wewe utamwandikia mwanao, nakujua. Mwandikie yote. Mwandikie na hirizi. Nilimfunga mwanangu hirizi kwa sababu alikuwa anakohoa na mimi nilikuwa naogopa. Andika hivyo hivyo. Usiongeze."

Nimeandika. Sijaongeza.

Nilikuwa nimekusudia kuificha barua hii chini ya blanketi lako uikute Iringa. Sasa sitaki. Masanduku ya bweni hufunguliwa na wengi, na humu mna mambo ya watu. Nitakupa leo, uisome jikoni, tuitie motoni pamoja. Huko uendako watu wa kwetu watakusalimu "Kamwene," na Jumapili nyingine mjomba wako atakuchukua kwenda Kalenga, na wote watakuambia unavyofanana na mama yako. Baadhi ya hayo ninaomba yasiwe kweli. Ninaomba kimya, bila kutaja majina wala kuyaficha.

Nilikuwa nataka kuandika utakachomwambia Lugano. Nimeanza sentensi mbili nikazifuta. Mama yake amesema usifundishwe.

Sasa nakuona. Unashuka njia ya bibi yako, na chini ya kwapa umebeba kuku, yule jike mwenye shingo nyekundu ambaye bibi hampi mtu. Kwa hiyo umemweleza. Na yeye amekuambia anachowaambia wote, kwamba aliyekosa haendi mikono mitupu. Mimi mwenye shule yangu nilikwenda na viatu vya mwenyewe.

Nimesimama dirishani. Umefika pale tope linapoteleza, kuku anapiga mabawa, nawe umesimama. Nasikia unasema naye. "Pole. Pole, jamani. Nami naogopa. Ni pale tu, mbele kidogo." Unamfunika kichwa kwa upande wa kitenge chako asipigwe na manyunyu. Hujui kwamba kuna mtu anakusikiliza.

Umefika penye njia panda. Huji hapa. Umekata kushoto, kwenye migomba ya Mama Lugano.

*

Nimekaa muda mrefu. Nimewasha moto, nimebandika maji, nimetoka mara tatu hadi uani na kurudi. Baba yako amekuja, ameniuliza, "Mtoto yuko wapi?" nikamwambia, "Ana safari yake." Amenitazama, akaenda kukata kuni bila kuuliza tena.

Na sasa kuna sauti njiani. Ni mbili. Zinakuja huku polepole, na mmoja wenu anatembea kama mtu ambaye viatu vinambana. Kwa huku nilipo siwezi kushika maneno. Nikisogea mlangoni nitayasikia yote.

Sisogei. Mmoja wenu amecheka. Sijui ni nani.

Mama yako